Mwaloni wa Baba Nekesa

Ninyi mnaoingia kazi ya miti na majani sasa hivi, mkiwa na magoti mapya, nawaonea wivu na huruma kwa pamoja. Wivu, kwa sababu mtaziona asubuhi ambazo watu wa ofisini hawazioni. Huruma, kwa sababu mtaua miti. Hakuna aliyefanya kazi hii bila kuua miti. Mimi nimeua kwa kiu, nimeua kwa mashine ya kukatia majani, nimeua kwa kupanda chini mno mpaka shingo ya mti ikaozea ardhini. Lakini muuaji mkubwa kuliko wote hamtafundishwa habari zake siku ile mnapopewa fulana na glovu. Anaitwa mapenzi.

Nitawaeleza kwa mti mmoja tu. Ni mwaloni mfupi ulio kando ya kaburi la mtu wa Bungoma, kwenye mteremko wa changarawe huku Maryland, mwendo mfupi wa gari ukitoka Hyattsville. Mti wenyewe hauna sura ya kumfanya mtu asimamishe gari. Kwa muda ulikuwa ndio kitu pekee ambacho mjane mmoja alikitaka hapa duniani, na ilibaki kidogo auue kwa mikono yake mwenyewe.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mnyiramba wa Singida, shule niliishia darasa la saba, na huku nilifika nikiwa nimejaa ndoto kama gunia lililoshindiliwa. Niliota nitakuwa na kitalu changu cha miche, chenye lango la chuma na jina langu juu yake. Nikapata kazi ya kutunza viwanja vya makaburi. Mama Tumaini, mke wangu, alipoambiwa alikaa kitandani akaniuliza kama kazi za walio hai zimekwisha Amerika. Nyumbani tulisema nafanya kazi ya bustani. Si uongo. Ni bustani, ila wageni wake hawaondoki.

Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja Mmarekani mweusi, Mista Walter, aliyezaliwa kaunti hiyohiyo, na ndugu zake wengi tulikuwa tunawakatia majani yeye na mimi. Aliniita kijana hata baada ya mvi kunishika. Mfukoni hakukosa bisibisi ndefu yenye mpini mwekundu. Nilidhani ni ya kutengenezea mashine. Siku moja nikamwona anaichomeka ardhini chini ya mti, anaizungusha, anaichomoa, anaipitisha kwenye kidole, kisha anainusa.

"Unafanya nini, Mista Walter?"

"Nauliza."

"Unauliza nini?"

"Nauliza kama ana kiu. Wewe ukienda kwa mtu unamwaga tu maji mdomoni?"

Hilo lishikeni, vijana. Uso wa ardhi ni mwongo. Juu panaweza kuwa pamekauka na kupasuka, na chini ya urefu wa kidole pakawa tope. Bisibisi ikiingia kama kwenye mkate na ikatoka na udongo umeganda, weka bomba chini. Ikigoma kuingia, ndipo ufikirie maji. Na ikitoka inanuka kama yai lililosahauliwa, umechelewa, lakini jaribu. Leo naona mna vifaa vyenye namba na taa. Vizuri. Ila bisibisi haiishiwi betri.

Sasa ule mteremko. Makaburi yetu yalikuwa na sehemu tatu nzuri na moja mbaya. Ile mbaya ilikuwa kilima cha changarawe na udongo wa njano mgumu kama kigae. Kila mti wa maua ambao ofisi iliupanda pale ulikufa, mmoja baada ya mwingine, na sisi tukaung'oa. Ilikuwa sehemu iliyofunguliwa karibuni, na kwa sababu hiyo wengi waliolazwa pale walikuwa watu wa kuja: Wasalvador, Waethiopia, Wasierra Leone. Baba Nekesa alikuwa Mkenya wa kwanza.

Mtu huyu tulimjua wote, maana alikuwa dereva wa teksi Alexandria na ndiye aliyepokea nusu ya watu wa kanisa letu uwanja wa ndege. Wakenya wana desturi yao, nanyi mnaijua: mtu wao akifa huku, wanakutana ukumbini jioni baada ya jioni kuchanga, mpaka mwili upande ndege urudi kwao. Mtu azikwe penye boma la baba yake, kuku wapite, watoto wacheze, asiwe peke yake. Lakini Baba Nekesa alikataa mapema, akiwa bado ana nguvu za kubishana. Aliwaambia wazee: "Bungoma wanangu watanitembelea mara ngapi? Hapa watakuja kwa basi." Wazee walinuna. Wengine hawakufika mazikoni. Kwa hiyo siku ile Mama Nekesa alisimama kwenye kilima kile cha njano na aibu juu ya msiba, akanishika mkono, akasema kitu ambacho bado nakisikia: "Baba Tumaini, wewe unafanya kazi hapa. Usiniachie mtu wangu kwenye changarawe tupu. Mweke hata mti umsimamie."

Nikaahidi. Moyo wangu ni mwepesi hivyo. Nikaenda kwa meneja wetu, mama mmoja mwenye busara, nikaomba mti. Alifikiri, akasema sawa, mmoja wa mwisho. Ukifa, mteremko ule utabaki majani matupu na hatapanda tena kitu pale, maana amechoka kung'oa miti iliyokufa mbele ya wafiwa. Nikatoka pale nikiwa na furaha na hofu kwa kipimo sawa. Mti gani utaishi mahali ambapo yote imekufa?

"Twende nikuonyeshe kitu," akasema Mista Walter.

Ilikuwa msimu wa majani kuanguka. Akaendesha gari la kazi mpaka pale nyaya kubwa za umeme zinapopita, ukanda mrefu wa ardhi ambao miti mirefu haiachwi ikue. Udongo ulikuwa uleule wetu, njano na kokoto. Na juu yake ilisimama mialoni mifupi, mingine inanifika kifuani, mingine imezidi kichwa kidogo, imepinda, matawi ya chini yamekufa na bado imeyang'ang'ania. Gome jeusi limepasuka vipande vipande kama matofali madogo. Jani lake ni nene kama ngozi, jembamba kwenye kikonyo na pana mbele, kama mguu wa bata, na ukiligeuza chini lina rangi ya kutu. Wenyeji wanauita blekjeki. Nilipokumbuka vilima vya kwetu Iramba, vilivyojaa mawe, na miti yake mifupi yenye roho ngumu, nilikaribia kuusalimia kwa Kinyiramba.

"Mti mbaya," nikasema, maana nilitaka kumsikia akiutetea.

"Mbaya sana," akasema Mista Walter. "Babu yangu aliuchoma kuni. Sasa sikiliza. Huu ukiupanda kwenye udongo mzuri hauwezi kushindana. Mialoni mikubwa inakuja, inafunika jua, unakufa. Hapa wakubwa hawawezi kuishi. Basi unakaa kwa amani, unakunywa kidogo, unakula kidogo, hauna haraka na mtu."

Nikapendekeza tuchimbe mche mmoja. Akacheka mpaka akakohoa. Mwaloni huu, akasema, kabla haujapata majani ya kukuonyesha, umeshatupa mzizi mmoja chini kama msumari. Ukiuchimba unaukata roho. Kama mnataka uishi mahali, zikeni mbegu yake mahali hapohapo.

Basi tukaokota mbegu. Ni ndogo, zimevaa kofia yenye magamba. Usiokote yenye tundu, maana ndani mna funza. Mwaga zilizobaki kwenye ndoo ya maji: zinazoelea tupa, zinazozama ni zako. Kisha zinataka baridi. Bila baridi hazijui kwamba majira yamepita. Nilizitia kwenye mfuko wenye unga wa mbao uliolowa kidogo, nikaweka kwenye friji ya nyumbani nyuma ya maziwa, na nikasahau kuwatangazia watu.

Tulikuwa na mgeni wakati ule, Papa Kalala, ndugu wa Kongo aliyekuwa anasubiri chumba chake. Nikarudi kazini nikamkuta jikoni na kikaango.

"Mon frère, ndugu yangu," akaniambia huku anafuta ulimi na taulo, "hii karanga ya kwenu Tanzania iko na hasira!"

Zile alizoacha zilitosha. Tangu hapo friji yetu ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: SI CHAKULA, NI MIALONI. Mama Tumaini alisema mimi ndiye mume pekee Hyattsville ambaye friji yake inahitaji maelezo.

Theluji ilipokwisha na ardhi ikalegea, nilimwita Mama Nekesa. Alikuja na binti yake Nekesa, aliyezaliwa huku, msichana mrefu anayesikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Mama yake alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Nikafungua kiganja, nikamwonyesha mbegu iliyokuwa imeanza kutoa kijimzizi cheupe. Nekesa akaichungulia, akasema kwa Kiingereza chake kwamba, Mum, wanatuonyesha karanga.

"Nyamaza," akasema mama yake. "Hata wewe nilikubeba ukiwa hivyo."

Tukailaza ubavu, kina cha vidole viwili, kando ya kaburi upande wa kichwani. Hatukutia mbolea wala matandazo. Nikaizungushia wavu wa waya, juu na pembeni, kwa ajili ya kindi, ambao wana kumbukumbu nzuri kuliko benki, na kulungu wa huku, ambao hawaheshimu wafu. Mama Nekesa aliomba kwa Kibukusu. Mista Walter alivua kofia ingawa hakuelewa neno.

Mche ukaota. Ulikuwa na urefu wa kijiti cha kiberiti, majani yake ya kwanza yana rangi ya waridi na manyoya laini kama sikio la ndama. Mama Nekesa alipouona alipiga magoti kwenye kokoto zile akacheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka tangu mazishi. Ningejua, ningemtazama kwa makini zaidi siku ile.

Kiangazi kikaingia. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja na jagi la njano la jikoni kwake, limejaa maji mpaka ukingoni. Aliumwagia mti polepole, akiuzungusha, anazungumza nao. Sisi tulikuwa hatufanyi kazi Jumapili, kwa hiyo nilichokijua niliambiwa na bisibisi tu. Jumatatu moja ikaingia kama kwenye mkate. Jumatatu iliyofuata ikatoka na tope. Majani ya mche yakaanza kupauka.

"Zungumza naye," akasema Mista Walter. "Mimi nikisema nitasema vibaya. Wewe na yeye mna lugha moja."

Nikaenda kanisani nikamngoja mlangoni. Sasa, vijana, nanyi mnajua sisi Watanzania tulivyolelewa. Mtu mzima tena mfiwa humwambii jambo usoni. Unalizunguka, unalifunika kanga, unampa alifunue mwenyewe nyumbani kwake. Nikamwambia: "Mama Nekesa, mti ule sasa umekunywa umeridhika. Umetunzwa ukatunzika. Hata sisi binadamu hufika wakati tukashukuru, tukasema imetosha."

Akanishika mikono yote miwili. "Amina, Baba Tumaini. Amina! Mungu akubariki kwa maneno hayo."

Nilirudi nyumbani nikimwambia mke wangu jinsi nilivyolimaliza kwa hekima.

Jumapili iliyofuata Mama Nekesa alifika makaburini na kwaya nzima. Nilikuwa nimepita pale kuchukua koti langu nilipowaona wamezunguka kaburi, kila mmoja na chupa yake ya maji, wanaimba na kumimina kwa zamu, na mzee mmoja wa sauti ya tatu akisema, "Ongezeni upande huu, upande huu haujapata!" Mama Nekesa alikuwa amewasimulia kwamba Baba Tumaini, mtu wa kazi hiyo, ameushuhudia mti huo ukishukuru.

"Ulimwambia nini?" akaniuliza Mista Walter Jumatatu, ameshika bisibisi inayodondosha maji.

"Nilimwambia aache."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

"Basi Kiswahili chako kimemletea kwaya."

Hakucheka, wala mimi sikucheka, kwa sababu tulikuwa tunatazama kitu kingine. Ule udongo wa njano haukuonekana tena. Mtu alikuwa ameleta mifuko ya udongo mweusi kutoka dukani, ule unaopandiwa maua ya barazani, akaufukia mche mpaka kwenye majani, akachanganya na mbolea ya kuku. Mkulima wa Bungoma ndiye angefanya vile, na angefanya vizuri. Kwao ardhi ni ya kuliwa. Kwake kumlaza mtu kwenye kokoto ilikuwa kama kumlaza bila shuka. Nikauelewa mkono uliofanya kazi ile, na nikauona mti unakufa chini yake. Majani mawili yalikuwa ya njano kabisa. La tatu lilianguka nilipoligusa.

Ofisini meneja alikuwa ameshaona. Aliniangalia tu, nami nikajua mteremko ule unakaribia kubaki majani matupu.

Jumapili ya wiki hiyo nilikwenda na Mista Walter, ingawa si siku ya kazi. Tulimkuta Mama Nekesa ameshafika, jagi lipo pembeni bado limejaa, Nekesa amekaa kwenye kibaraza cha kaburi jirani na simu yake ya kukunja. Nikamsalimu. Nikauliza habari za nyumbani. Nikauliza habari za kazi. Nikasifu mvua ambayo haikunyesha. Yule mama alinitazama, akaweka mikono kiunoni.

"Baba Tumaini, nyinyi Watanzania mnaweza kumfukuza mtu kwa adabu mpaka awashukuru. Umekuja na mzungu wako mweusi siku ya Bwana, hukuja kunisalimia. Sema kama Mkenya."

Nikasema, "Mama Nekesa, unauua."

Aligeuka akautazama mche.

"Maji yamezidi. Na udongo huu ni shibe ambayo mti hauiwezi. Mti huu unaishi kwa kidogo. Ukiupenda hivi hautafika mwezi ujao."

Nilitegemea alie. Hakulia. Alisogea akanisimamia karibu, na sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Wewe unajua kazi yangu?"

Nilijua. Alikuwa anatunza wazee kwenye nyumba ya wagonjwa, kule kule Hyattsville.

"Kazi yangu ni kunywesha watu maji. Kila siku. Wazee wa watu, siwajui baba zao, nawashika kichwa hivi, nawawekea kikombe hapa. Nimewanywesha mpaka wengine wananiita mama. Halafu mume wangu analala kitandani ananiambia, Mama Nekesa, maji. Na daktari ananiambia hapana, akinywa yataingia kwenye mapafu yatamuua. Nikapewa kijiti kina kisponji. Nimpake midomo! Siku zake zote za mwisho alikuwa anakinyonya kile kisponji kama mtoto, ananitazama, anafikiri namnyima. Mimi. Mimi ndiye nilimnyima." Akaonyesha mche kwa kidole. "Sasa na wewe unakuja kuniambia nisimpe maji?"

Vijana wangu, hamtafundishwa jibu la swali hilo. Miaka yote ile ya kujua mbegu inayoelea na inayozama, nikasimama pale kama mzigo ulioshushwa kituo kisicho chake.

Aliyesema alikuwa Nekesa. Alikuwa amefunga simu. Na hakusema kwa Kiingereza. Alitafuta maneno mojamoja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mum. Baba hana kiu. Baba... alishamaliza. Ni wewe."

Mama yake aligeuka akamtazama kana kwamba mtoto huyo amezaliwa dakika ile.

Hapo ndipo Mista Walter, ambaye hakuwa ameelewa hata neno moja, alifanya alichokuwa anakijua. Alipiga magoti kwa shida, akachomeka bisibisi, akaizungusha, akaichomoa. Hakuinusa. Alimpa mama mpini. Akaishika kama mtu aliyepewa mshumaa, akaisogeza puani, na nikaona uso wake unabadilika. Mtu anayetunza wagonjwa anaijua harufu ya kitu kinachooza kikiwa hai. Hakuhitaji tafsiri.

Alivua viatu vyake vya kanisani. Akapiga magoti, akaanza kuutoa udongo mweusi kwa mikono yake mwenyewe. Nilitaka kumsaidia kwa beleshi, Mista Walter akanizuia kwa macho. Aliufukua wote, taratibu, kwa vidole, akifuata mzizi kama anayefungua kidonda asimwumize mtu, na Nekesa akawa anaubeba kwenye mfuko kuupeleka kwenye toroli. Walipofika kwenye ile njano, mimi nilileta kokoto kavu, naye akazipanga shingoni mwa mche. Alipomaliza, mche ulikuwa kijiti chenye jani moja. Akaokota viatu vyake akaenda kwenye gari. Jagi alilibeba kama alivyolileta, limejaa.

Jani lile lilianguka kabla ya wiki kwisha.

Jumapili iliyofuata nilikwenda tena, sikuweza kukaa nyumbani. Nilimwona anapanda mteremko na jagi lake la njano, limejaa mpaka ukingoni. Nikasema basi, hasira imerudi, atamwaga yote. Alifika penye kijiti kile kikavu ndani ya wavu, akakitazama. Akaketi chini, akanyoosha miguu kwenye kokoto. Akatoa kikombe kwenye mkoba. Akamimina, kikombe kimejaa, akakishika mbele yake muda mrefu.

"Haya, Baba Nekesa," akasema. "Leo nakunywa mimi."

Akanywa. Alikunywa akameza kwa shida, machozi yanatiririka, akamimina kingine akanywa. Mimi nilikuwa nyuma ya gari la kazi kama mwizi. Sikuwahi kumwona mtu mwenye kiu kama ile. Tangu mume wake alipopakwa midomo mpaka siku ile, aliniambia baadaye, kila glasi ya maji aliyoshika ilimkaba. Alikuwa anaishi kwa chai ya kazini tu.

Alikuja hivyo kila Jumapili. Alikaa na kijiti chake, akanywa maji yake, akaondoka. Majani ya mialoni mingine yakageuka, yakaanguka, theluji ikafunika wavu. Mista Walter alisema tusing'oe. "Mti huu ukikatwa juu unafikiri chini," alisema. Meneja alipita mara mbili akatazama kijiti, akanitazama, akaenda zake. Ninamshukuru kwa hilo mpaka leo.

Masika yakaja na kila kitu makaburini kikachipua ila kile. Nilishaanza kuyatafuta maneno, safari hii ya Kikenya. Mialoni huchelewa, hilo mlijue, msikimbilie shoka mwezi wa nne. Siku moja nilikuwa nakata majani pale karibu, nikazima mashine nikainama kwa mazoea tu. Kijiti kilikuwa kikavu juu mpaka chini. Lakini kwenye shingo, katikati ya kokoto alizopanga kwa vidole vyake, palitokeza kitu cha rangi ya waridi, chenye manyoya kama sikio la ndama.

Nilimpigia simu kazini kwake. Alikuwa katikati ya kumlisha mtu. Nikamwambia bila kuzunguka: "Umeota." Halafu nikasikia anamwambia mgonjwa wake kwa Kiingereza, "Subiri kidogo, bibi yangu, usimeze bado, nalia kidogo tu."

Mista Walter sasa yuko kwenye ile sehemu nzuri, penye kivuli, pamoja na ndugu zake. Bisibisi yake ninayo. Mimi nimestaafu kwa amri ya magoti, na kitalu chenye lango la chuma bado ninakiota, maana kuota hakuna umri wa kustaafu. Na kwenye mteremko ule mwaloni umekuwa wa kumfika mtu kifuani, umepinda, una matawi makavu chini ambayo haukubali kuyaacha, na wakati wa baridi majani yake ya kutu hubaki juu yakigongana kwa upepo wakati miti mingine iko uchi. Nekesa huleta watoto wake. Wanakuja kwa basi, kama alivyosema Baba Nekesa.

Baadhi yenu mtapangiwa kazi pale. Mtauona kiangazi, umesimama kwenye kokoto zinazochoma kiatu, majani yamekunjamana, na roho nzuri mliyonayo itawaambia mkimbie mkalete bomba. Msiumwagilie. Kaeni hapo chini kidogo, fungueni chupa zenu, mnywe.